Jiwe la Kusagia Lililolala Kifudifudi

Nilipokuwa na miaka ishirini na minne, niliijua mitaa ya mji mmoja uliokufa wa Warumi kuliko nilivyoijua njia ya kutoka kwa mama yangu kwenda kisimani. Ningeweza kufumba macho nikakuingiza kwa lango la mashariki, nikakupitisha mbele ya kiwanda cha mwoka mikate, tukakata kulia kwenye bafu la umma, tukatokea kwenye uwanja walikokuwa wakiuziana, wakishtakiana na kusengenyana. Kwenda kisimani nyumbani nilipotea mara mbili katika likizo moja, na mara ya pili niliokolewa na mbuzi wa jirani, ambao walikuwa na kiu zaidi yangu na akili zaidi yangu.

Mji huo uko kaskazini mwa Afrika, karibu na bahari ya kule. Nilifikaje huko? Ilikuwa nusu ya pili ya miaka ya sabini. Nilikuwa nasoma historia chuo kikuu, Dar es Salaam, na mmoja wa walimu wetu, mgeni mwenye ndevu za njano, alikuwa kila mwaka anakwenda kuchimba huko na ana nafasi ya mwanafunzi mmoja. Wenzangu walikuwa na mipango ya likizo. Mimi nilikuwa na suruali mbili na sina mpango wowote. Kwa hiyo nilionekana ninafaa.

Nilikaa miezi mitatu. Nilijifunza kushika mwiko mdogo wa fundi uashi na kukwangua udongo kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria bila kutaka kuamsha watu. Nilijifunza kupiga vigingi na kuvuta kamba. Nilijifunza kwamba kila kipimo lazima kianzie mahali pamoja pasipohama, mahali panapoitwa sifuri, na kwamba mchimbaji asiye na sifuri ni mtu anayetoboa mashimo tu. Mwalimu alitufundisha pia kusoma rangi za udongo: penye duara jeusi paliwahi kuwa na nguzo, nguzo ikaoza, shimo lake likajaa udongo mwingine. Nyumba ikishaondoka, alisema, huacha madoa.

Mji wenyewe ulijengwa, walivyotuambia, kwa ajili ya askari waliostaafu. Barabara zake zilinyooka kama mistari ya daftari na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Maji yalitoka milimani kwa mfereji wa mawe, watu wakakamua zeituni, wakauza mafuta, wakajenga ukumbi wa michezo wenye ngazi za kukalia. Halafu, taratibu sana, wakaondoka. Nilidhani mji hufa kwa siku moja, kwa moto au maadui. Huu ulikufa kama mzee anayegawa vitu vyake angali hai: mwaka huu mfereji haukuzibuliwa, mwaka ule mawe ya ukumbi yamechukuliwa yakajenge zizi. Wakazi wa mwisho waliweka mtambo wa kukamulia mafuta katikati ya barabara kuu na kufuga mbuzi ndani ya bafu la umma. Mwalimu wangu alipotuonyesha alama za mbuzi alizungumza kwa sauti ya msibani. Mimi nimezaliwa upande wa Karatu, katika nyumba ya tembe ambamo ng'ombe walilala upande mmoja na sisi upande mwingine, tukipashana joto. Nilitazama lile bafu nikafikiri: hatimaye hapa wameingia watu wenye busara.

Katika kile kiwanda cha mwoka mikate kulikuwa na mawe ya kusagia. Moja lilikuwa limelala kifudifudi sakafuni, uso chini. Niliandika katika daftari langu kwamba limepinduka, pengine kwa tetemeko la ardhi. Nitarudi kwenye sentensi hiyo, ingawa ningependa kutorudi.

Wiki ya mwisho nilipata mtoto. Warumi walizika wafu wao nje ya mji, kando ya barabara, na walikuwa na sheria juu ya jambo hilo. Lakini watoto wachanga, wa siku chache tu, mara nyingi waliwekwa nyumbani, chini ya sakafu au chini ya ukingo wa paa, pengine ndani ya mtungi uliovunjika shingo. Wangu alikuwa ndani ya mtungi wa mafuta, nyuma ya ukuta wa nyumba ndogo isiyo na mapambo yoyote. Mifupa yake ilikuwa kama ya kuku wa mwezi mmoja. Nilipongezwa. Nilipigwa picha nikiwa nimechuchumaa pembeni yake, na katika picha hiyo nacheka. Kisha tuliandika namba, tukamweka kwenye sanduku lenye pamba, na sanduku likaenda kwenye rafu.

Niliporudi nyumbani nilikuwa sivumiliki. Nilimsimulia mama kila kitu, jikoni kwake, naye akimenya maharage. Inabidi nieleze kwamba jiko hilo lilikuwa jipya. Katikati ya miaka ile ya sabini, mimi nikiwa shule ya bweni, watu wa mteremko wetu, ule unaoelekea Baray, walihamia katika kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Kwa kweli zilinyooka sana. Mwalimu wangu angefurahi. Baba alikuwa amefariki tayari, na mama alihama na ng'ombe wawili, sufuria, godoro, na mlango wa nyumba ya zamani, ambao aliuvunja mwenyewe kwa shoka.

Nilimweleza juu ya mfereji na ukumbi. Alisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye mtoto wa mtungini, mikono yake ilisimama.

"Mkamrudisha?" aliuliza. Tulikuwa tukizungumza Kiiraqw, kama siku zote nyumbani.

Nilimweleza juu ya namba, sanduku na rafu. Nilimweleza, nakumbuka kwa aibu, umuhimu wa rafu.

"Mama yake hakuwapo," alisema.

"Ayo, mama yake amekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita." Ayo ndivyo tunavyomwita mama.

"Ndiyo maana nikasema hakuwapo."

Akaendelea kumenya maharage, nami nikaendelea na habari za mafuta ya zeituni.

Ilipita miaka minne au mitano. Nilimaliza chuo nikawa mwalimu wa sekondari Arusha, nikifundisha habari za Warumi kwa vijana ambao walitaka kujua sabuni itapatikana lini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini na kila kitu kilikuwa adimu: sabuni, sukari, betri, matairi. Januari moja mama alinitumia ujumbe kwa mdomo wa dereva wa lori la maharage kwamba nije, si ugonjwa, lakini nije.

Nilimkuta amekaa nje akitazama upande wangu bila kunitambua. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika. Aliona maumbo makubwa, ng'ombe, mti, mtu mrefu. Sindano na punje za mchele alikuwa ameshaziaga. Nyonga yake pia ilikuwa inamsumbua. Alinipa maziwa, akanisubiri nimalize, ndipo akasema.

Kijiji kilikuwa kimeamua kufungua shamba la ngano kwenye mteremko wetu wa zamani. Trekta lingekuja kabla ya masika. Na nyuma ya nyumba yetu ya zamani amelala kaka yangu.

Nilijua kwamba nilikuwa na kaka kwa namna ambayo mtu hujua kwamba alizaliwa: nimeambiwa. Mama akiulizwa ana watoto wangapi alisema watatu, na sisi tuliokuwepo mezani tulikuwa wawili, mimi na dada yangu aliyeolewa Mbulu. Kaka huyo aliishi siku tisa. Baba alimzika nyuma ya nyumba, nje tu ya ukuta, upande wa ndani wa ukuta huo ndipo mama alipokuwa akisagia nafaka. Kila asubuhi kwa miaka zaidi ya ishirini alipiga magoti na kusaga akiwa na ukuta mmoja tu kati yake na mtoto. Siku ya kuhama, yeye na jirani yake waliliburuta lile jiwe la kusagia, jiwe alilopewa na mama yake, wakalitoa nje na kulilaza juu ya kaburi la mtoto. Halafu wakapanda lori.

"Nimekwenda mara mbili," alisema. "Sikupaona. Miti imekatwa, ua umechomwa, kila mahali pamekuwa mahali pamoja. Sitaki trekta lipite juu yake. Wewe unayetafuta watoto wa watu, nitafutie wangu."

Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema aliyekuwa amechoka. Nilimpa hotuba juu ya thamani ya mabaki ya kale. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia mteremko ule wote watu walizaliwa na kuzikwa. Wakiacha kila mahali penye mtu wao itabidi ngano ilimwe hewani. Lakini nikimwonyesha mahali hasa, kwa kidole, tutazungumza. Trekta lilikuwa linategemewa ndani ya wiki moja.

Nilirudi kwa mama nikiwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye elimu yake imepata kazi. Nilikuwa na mwiko wangu. Niliazima kamba, nikachonga vigingi. Mama alivaa viatu.

Nikamwambia abaki.

Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka niliyasema vipi maneno hayo ili yaonekane ya upole. Nilisema ni mbali, nyonga itamuuma. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini nilisema pia kwamba hii ni kazi ya kitaalamu, kwamba mtu akitembea ovyo huharibu madoa ya udongo, na kwamba nitamwita nikishapata. Alinitazama, au alitazama umbo langu. Kisha akavua viatu, akanifungia viazi vitamu na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Mteremko ulikuwa kama alivyosema. Nyumba zetu za tembe hazikujengwa juu ya ardhi, zilichimbwa ndani ya mteremko, na mapaa yake yalikuwa bapa, ya miti na udongo. Nyumba ya namna hiyo ikiachwa haigeuki gofu. Paa huanguka, mvua hushusha udongo, nyasi huota, na baada ya miaka michache mlima umeirudisha. Warumi wana nguzo za mawe zilizosimama mpaka leo zikisubiri wageni. Sisi tulikuwa na nundu, na nundu zilikuwa kama ishirini na tano.

Nilichagua mahali pa kuanzia. Katikati ya mteremko palikuwa na jiwe la wastani, bapa, lenye mgongo wa mviringo, limezama kidogo ardhini na halitikisiki. Lilifaa sana. Nililipaka chokaa, nikachora duara na kuandika sifuri. Kutoka hapo nikavuta kamba nne kwenda pande nne, nikapiga vigingi, nikaanza. Mchana nilikaa juu yake nikala viazi vyangu, kwa sababu nyasi zilikuwa na kupe.

Msomaji mwenye akili ameshaelewa. Mimi nilikuwa na shahada.

Jioni mama aliniuliza, "Umeliona jiwe?" Nikamwambia bado. Aliniuliza kama nimetazama vizuri, nikamwambia nimetazama kila jiwe, na ilikuwa kweli: nilikuwa nikitafuta jiwe la kusagia, yaani jiwe lenye bonde katikati, bonde laini lililochimbwa na miaka ya mikono. Hakukuwa na jiwe la namna hiyo mteremko mzima. Siku ya pili jibu likawa hilo hilo, na siku ya tatu pia, ingawa siku hiyo ya tatu nilikuwa na habari njema. Nilikuwa nimepata mashimo ya nguzo, sita, kwa mstari, na katikati yake jivu jingi sana, jeusi, la miaka mingi. Nilimchorea kwa mkaa juu ya sakafu. Hapa ukuta, hapa jiko, basi mtoto lazima awe hapa nyuma. Kesho nitachimba.

Asubuhi alivaa viatu na hakunipa nafasi ya hotuba. Alitangulia na fimbo yake, akaufuata mteremko ule kwa saa tatu badala ya mbili, akipumzika kila penye kivuli, na mimi nyuma yake nimebeba viazi kama mtu anayepelekwa kushtakiwa.

Tulipofika nilimwongoza kwenye jivu langu. Aliinama, akalishika, akalinusa.

"Umefukua kilabu," alisema.

Ilikuwa ni mahali ambapo jirani yake, yule yule aliyemsaidia kuburuta jiwe, alikuwa akipika pombe ya kuuza kwa miaka mingi. Mama alisema baba yangu angefurahi kujua kwamba mwanawe, baada ya masomo yote hayo, amepafikia mwenyewe bila kuelekezwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka pia, kwa kuchelewa.

Kisha akasimama, akafanya jambo ambalo mwalimu wangu hakunifundisha. Hakuitazama ardhi kabisa. Aligeuka akautazama mlima. Macho yake hayakuweza kuona punje, lakini mlima wa Oldeani hauhitaji macho mazuri. Akaanza kutembea kwa ubavu, hatua ndogo ndogo kuelekea kushoto, uso wake kwenye mlima, kama mtu anayetafuta kiti chake kanisani. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akaishika fimbo, akapiga magoti. Akiwa amepiga magoti alinyoosha mikono mbele, viganja chini, akautazama tena mlima kutoka kimo hicho. Halafu akainuka kwa taabu, akasema, "Bado," akasogea.

Nilitaka kumsaidia ainuke na akakataa. Mara ya tatu au ya nne nikaelewa anachofanya. Alikuwa akisaga. Kwa miaka ishirini na zaidi, kila alfajiri, mlango ukiwa wazi upate mwanga, alikuwa ameuona mlima huo kutoka kimo cha mwanamke aliyepiga magoti, bega la kulia la mlima likitokea juu ya kizingiti. Akiwa amesimama haukuwa mlima ule. Ndiyo maana mara mbili za kwanza hakupaona: alikuja na watu, akaona aibu kupiga magoti vichakani mbele yao.

Alipiga magoti mara ya saba. Mikono yake ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda mbele. Hakusema "bado."

"Mlango ulikuwa hapa mbele yangu," alisema. "Ukuta uko nyuma ya miguu yangu. Yeye yuko nyuma ya ukuta. Hatua tatu, nne. Tazama kuna nini."

Nilitazama. Nyuma yake, hatua nne, kulikuwa na sifuri yangu, nyeupe kwa chokaa, kamba nne zikitoka kwake kwenda pande zote za mteremko, na juu yake maganda ya viazi ya jana.

"Kuna jiwe," nilisema. "Lakini si la kusagia, Ayo. Halina bonde. Ni jiwe nililokuwa nakalia."

Akaja kwa mikono na magoti, hakusimama. Aliupapasa mgongo wa lile jiwe, akashuka ubavuni, akachimba kwa vidole chini ya ukingo mpaka kiganja kikaingia. Alikaa hivyo muda mrefu, kiganja chake kikiwa chini ya jiwe, ndani ya lile bonde.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo kila mwanamke wa rika lake upande wetu alilijua, na ambalo hakuwahi kufikiri kwamba mtu anahitaji kuambiwa. Mwanamke anayehama akiacha jiwe lake wazi, amelitupa. Anayepita na achukue. Akilifunika uso chini, ana nia nalo, na hakuna mwanamke mwingine atakayeligusa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema angeniambiaje? Mtu akikuambia kafunge mlango, hakuelezi mlango ni nini.

Nilifikiria daftari langu kule kaskazini, na neno tetemeko. Sijui kilichotokea katika kiwanda kile. Huenda kweli ni tetemeko. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikimwona mtu, siku ya mwisho, akiwa ameshafunga mizigo, akirudi ndani mara moja na kulisukuma jiwe lake mpaka likageuka.

Wakati huo, hata hivyo, nilikuwa nikikusanya maganda ya viazi kwa haraka sana. Nilimwambia anisamehe. Siku tatu nimekaa juu yake nikila.

Mama aliutoa mkono wake, akakung'uta udongo.

"Acha," alisema. "Hamjawahi kula pamoja nyinyi wawili."

Akaomba viazi. Akakaa upande mmoja wa jiwe na kunionyesha upande wa pili, na kwa kuwa nilisitasita akalipiga jiwe kwa kiganja, kama anayemkaribisha mtu kitini. Nilikaa. Tulikula. Maziwa kidogo alimwaga kwenye nyasi bila kunitazama, nami nikautazama mlima.

Nilikuwa na swali moja la kitaalamu, na nilikuwa mjinga wa kutosha kuliuliza. Nilisema, kama anataka, naweza kumchimba kwa uangalifu, kwa mwiko, na tumhamishie kijijini, karibu. Mama alifikiri. Alisema ninakusudia vizuri. Kisha alisema mtoto ameshahama mara moja, kutoka kwake kwenda hapo, na inatosha. Hakuja kumchukua. Alikuja kujua yuko wapi.

Trekta lilifika siku nne baadaye. Mwenyekiti, niliyemwonyesha mahali kwa kidole kama alivyotaka, alijikuna kichwa akasema atalizungumza kwenye kamati, na kamati ilikuwa ikutane baada ya kulima. Mama hakuingoja kamati. Alitembea tena saa tatu zile, nami nyuma yake, akamsubiri dereva kwenye ukingo wa shamba na kibuyu cha maziwa. Dereva alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu mwenye kofia iliyokuwa nyeupe wakati fulani, anayeendesha trekta lenye madigadi moja kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba likiharibika hakuna lingine. Mama alimweleza kwa Kiswahili chake kichache. Nilitaka kuingilia na kueleza vizuri. Dereva aliinua kiganja kuninyamazisha.

"Mwache mama aseme," alisema.

Mama akasema. Alisema mtoto, alisema siku tisa, alisema jiwe. Dereva alishuka akaenda kulitazama, akalipima kwa macho, akachora kwa mguu mstari wa kulizunguka kwenye udongo.

"Hivi, mama? Au nipitie mbali zaidi?"

"Zaidi kidogo," mama alisema. "Alikuwa na miguu mirefu."

Akasogeza mstari.

Mwenyekiti alipokuja jioni kukagua, alikuta shamba lote jeusi na katikati yake kisiwa cha nyasi cha ukubwa wa kitanda. Aliuliza ni nini. Dereva alimjibu kwamba hapo kuna jiwe kubwa, na jembe la trekta likivunjika, mwenyekiti ana la akiba? Mwaka ule jembe la akiba halikuwepo Karatu wala Arusha. Mwenyekiti alinitazama, akatazama kile kisiwa, akasema basi jiwe ni jiwe. Baadaye mama aliniambia kwamba alilichagua kwa sababu hiyo pia. Nyumbani kulikuwa na mawe mepesi, lakini mepesi huondolewa.

Sikuwahi kuandika popote juu ya uchimbaji ule. Ramani ninayo: karatasi ya mraba, nundu ishirini na tano, kilabu kimoja kilichochorwa kwa ufundi mkubwa, na katikati duara lenye sifuri ambalo vipimo vyote vinaanzia kwake. Mwalimu wangu aliandika kitabu kinene juu ya mji wake, na picha yangu nikicheka imo ndani. Niliwahi kumwandikia kumuuliza lile sanduku liko wapi. Alinijibu kwa upole kwamba rafu zilihamishwa.

Mwaka uliofuata nilikuja likizo ya Juni. Macho ya mama yalikuwa yamefunga karibu kabisa. Aliomba nimpeleke, na safari hii hakutangulia. Alishika kiwiko changu. Ngano ilikuwa imefika kiunoni. Dereva wetu alikuwa ameshalima tena na kisiwa kilikuwepo, kikubwa kidogo kuliko mwaka wa kwanza. Nilimuuliza mama kama anataka tuligeuze jiwe, alishike vizuri, hata tulichukue tukaweke lingine.

"Liache lilivyo. Wakiliona wazi watadhani haturudi."

Kisha akasimama kati ya ngano na nyasi, akageuza uso huku na huku. Mlima ulikuwa umemtoka machoni.

"Uko wapi?" aliuliza.

Nilikwenda nyuma yake nikamshika mabega. Nilimgeuza kidogo kushoto, nikamsogeza hatua moja, nikachuchumaa pembeni yake kuhakikisha kimo. Bega la kulia la Oldeani lilikuwa mahali pake.

"Hapo," nilisema.

Akanipa fimbo niishike, akapiga magoti.